Maili Ishirini na Sita Kando ya Kalaba

Kashikishi, karibu na Nchelenge,
Northern Rhodesia,
tarehe 14 Agosti 1956

Yaya wangu mupendwa Kapembwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mudogo wako Bwembya, na kutoka kwa mama, na kutoka kwa muke wangu Eness. Je, mwili wako unaendeleaje? Kikohozi kile cha vumbi la kazini huko Elisabethville kimepungua? Mulamu wangu Felistus, muke wako, hajambo, na watoto? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama anasumbuliwa na magoti tu, lakini bado anakataa tumutekee maji. Mutoto wetu Beauty ameota meno mawili ya chini na sasa anauma kila kitu, hata kidole cha mwinjilisti alipokuja kutuombea.

Barua hii ninaiandika kwa Kiswahili kama ulivyoniomba, ili mulamu Felistus asome mwenyewe bila kungoja umugeuzie Kibemba chetu. Kiswahili changu ni cha kuuzia samaki. Nimekipata kwa watu wa Kilwa, ng'ambo ya pili, wanaovuka ziwa, na kwa boti za Wagiriki zinazokuja na barafu. Mulamu akikuta nimekosea, acheke, lakini asiniambie.

Yaya, nina habari! Siku kumi zimepita na bado nikilala miguu inakimbia yenyewe, Eness anasema nimemupiga teke mara tatu. Acha nikuelezee toka mwanzo, maana nikianza na mwisho nitaharibu.

Mwezi wa sita, yule muzungu wa biro, ile ofisi ya samaki pale Nchelenge, aliita watu. Sisi tunamuita Bwana Saa, kwa sababu hata ukimusalimu anatazama kwanza saa ya mukononi ndipo anakujibu. Alisema kutakuwa na mbio, lakini si zile za kuzunguka uwanja wa shule. Zinaitwa marathoni, na urefu wake ni maili ishirini na sita. Alikuwa amepima njia mwenyewe kwa gurudumu la baisikeli: kuanzia mulango wa biro, kupita Kashikishi, kupanda njia ya kando ya ziwa hadi Kabuta, kuzunguka pipa lililopakwa chokaa, halafu kurudi kule kule. Wa kwanza atapata baisikeli mupya yenye taa na keria. Na watatu wa kwanza wataenda Copperbelt mwezi wa tisa, kushindana na watu wa migodi. Watu walicheka sana. Bibi mumoja muuza samaki aliuliza, sasa hao watu watakuwa wanafukuzwa na nani?

Mimi niliandikisha jina siku ile ile. Unanijua, yaya. Tangu utoto hakuna kijana aliyeniona mugongoni bila kula vumbi langu. Nilihesabu hivi: kama ninawashinda kwa maili moja, nitawashinda kwa ishirini na sita, si ni zile zile zimewekwa kwa musitari?

Jumamosi iliyofuata nilijaribu. Nilitoka Kashikishi kama mushale. Maili nne za kwanza nilikuwa naimba. Maili ya saba niliacha kuimba. Maili ya kumi kichomi kilinishika chini ya mbavu, na ya kumi na mbili nikakaa chini katikati ya njia, nikatapika uji wote wa Eness. Wanaume waliokuwa wanasukuma baisikeli za samaki walinihurumia. Mumoja alinipandisha kwenye keria, juu ya kikapu cha samaki mpale wabichi, akanirudisha sokoni vile vile muchana kweupe, na watu wote walikuwa pale. Kwa wiki nzima waliniita samaki.

Eness hakucheka. Alinikanda miguu kwa mafuta ya mawese, kisha akaniambia, "Baba Beauty, wewe unakimbia kama mutu aliyeona mvua na nguo zake ziko nje. Kwenda Kisiwa cha Kilwa, unapiga kasia namna hiyo?" Nilimujibu hapana, mutu akipiga kasia namna hiyo ataishia katikati ya maji. Aliniangalia tu, akaendelea kukanda.

Basi alikwenda kuazima baisikeli ya mwinjilisti. Kila asubuhi kabla ya kazi yangu ya kupima samaki, alipanda ile baisikeli, kitenge kimefungwa sawasawa, akanitangulia polepole, na amri ilikuwa moja: nisimupite. Watu walisema mengi juu ya mwanamuke kwenye baisikeli. Mama alisema afadhali mwanamuke kwenye baisikeli kuliko mwanaume kwenye kikapu. Nikiwa nyuma ya Eness nilifika maili kumi na tano, hata kumi na nane. Lakini akikaa nyumbani kwa sababu ya mutoto, nilisahau yote. Nikiona mutu yeyote mbele yangu, hata muzee na mbuzi wake, damu inachemuka, lazima nimupite. Nikisikia mutu anapiga makofi, nimekwisha. Huo ndio ugonjwa wangu, yaya, na mbio zilikuwa zinakaribia na sikuwa nimepona.

Walioandikishwa tulikuwa thelathini na mumoja. Wakubwa walikuwa hawa. Mpundu, mesenja wa boma la Kawambwa, kijana murefu mwenye viatu vya kweli vya mbio. Mwalimu Mwewa kutoka Chienge, mwembamba kama utete. Na mutu wa tatu utashangaa: Ba Kalaba wa Kabuta. Ndiyo, Kalaba yule yule, uliyeacha kumusalimu tangu nyavu zako ziungue mwaka 1949. Sasa ana miaka arobaini, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. Alipotaja jina lake mezani, watu waliokuwa nyuma yake walisogea hatua moja, kama wanavyofanya siku zote. Aliandikisha, akaondoka. Siku moja alinikuta njiani ninapumzika, akaniambia kwa heshima kwamba kama ninapenda, tunaweza kufanya mazoezi pamoja, njia inakuwa fupi. Nilimuambia nina kazi. Sikumutazama machoni.

Siku ya Jumamosi tarehe 4, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulipanga musitari. Baridi ilikuwa inatoka ziwani, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya Krismasi. Bwana Saa alitueleza tena kwamba nusu ya kwanza tujizuie, na kila mutu aliitikia ndiyo bwana. Eness alinishika mukono, akaniambia nifikirie gurudumu la nyuma la baisikeli ya mwinjilisti. Nilimuahidi. Bwana akainua bunduki ya kuwindia ndege, akapiga.

Yaya, ahadi ile ilidumu maili tatu. Maili tatu kamili, na ninaona fahari kwa hizo. Nilikaa katikati ya kundi kama mutu mwenye akili. Halafu tukaingia Kashikishi. Soko lote lilikuwa limesimama njiani, wanawake wameacha samaki kwenye vichanja, watoto juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, na wote wanapiga vigelegele na kuita, "Bwembya! Bwembya wetu!" Sijui nini kilitokea. Gurudumu la mwinjilisti lilitoka kichwani kama moshi. Nilimupita Mwalimu Mwewa, nilimupita Mpundu na viatu vyake, nilipita wote, na tulipotoka mwisho wa soko nilikuwa mbele peke yangu, nikiruka. Ulikuwa utamu, yaya, sitakudanganya. Ziwa upande wa kushoto linang'aa, njia yote ni yangu, sisikii hatua ya mutu nyuma. Nikawaza baisikeli, nikawaza taa yake, nikawaza hata rangi ya kengele.

Maili ya nane miguu ilianza kuwa mizito kama imevaa matope. Maili ya tisa kichomi kikaja, kile kile, mahali pale pale. Nilijaribu kupunguza, lakini mutu aliyekwisha kumwaga maji yake hawezi kuyapunguza, yamekwenda. Mpundu alinipita bila kunitazama. Wengine sita wakanipita. Kwenye maili ya kumi nilikuwa natembea, mukono mbavuni, na machozi yananitoka kwa hasira.

Ndipo nilisikia hatua nyuma yangu. Pa, pa, pa, pa. Hazikuwa za haraka, hazikuwa za polepole, zilikuwa sawasawa kama mutu anayetwanga. Alikuwa Kalaba. Hakuwa hata anahema. Nilingoja anipite, lakini alipofika kando yangu alipunguza kidogo, akasema, "Bwembya, simama hapa kando yangu. Toa pumzi yote nje kwanza. Yote. Sasa twende. Usipite mbele, usibaki nyuma."

Nilitaka kukataa. Miguu yangu ikakubali kabla yangu. Hatua mia za kwanza nilidhani nitakufa, mia za pili nilidhani nitaanguka tu, na baada ya hapo kichomi kikaanza kulegea, kama fundo la kamba mutu analifungua na kucha. Yeye aliendelea tu, pa, pa, pa. Kila nilipojisahau nikatangulia hata nusu ya hatua, alinyoosha mukono akanigusa kifuani na kidole kimoja, nikarudi.

Tuliingia Kabuta pamoja. Unakijua kijiji chetu cha zamani, yaya, na mahali tulipojenga, sasa wengine wamejenga pale. Watu waliniita kwa jina, wakaulizana kama ni mimi kweli. Mama mumoja alikimbia na kibuyu cha maji, akapita mbele ya Kalaba kama vile hakuna mutu, akanipa mimi. Nilikunywa nusu, nikamupa Kalaba. Yule mama akageuza uso. Kalaba alikunywa, akaweka kibuyu chini kwa adabu, tukazunguka pipa la chokaa. Hicho ni kijiji alichozaliwa, na hakuna mutu mumoja aliyemuita jina.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza alijifunza wapi mwendo ule. Nilidhani ataniambia ni kipaji. Aliniambia bila hasira yoyote, maneno matatu matatu kufuata pumzi. Alisema wavu unataka watu wawili, mumoja wa kupiga kasia na mumoja wa kumwaga wavu, na tangu mwaka ule wa moto hakuna mutu aliyekubali kukaa naye ndani ya mutumbwi mumoja. Hata ndugu wa muke wake Maggie walikataa. Mutu peke yake hawezi kuvua. Basi alianza kununua samaki wakavu wa wengine na kuwapeleka bara kwa miguu, mwendo wa siku mbili, kwa muti begani, vikapu viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ukiharakisha, alisema, vikapu vinaanza kucheza, vinakupiga na kukuzungusha njiani. Ukilegea, jua linakuwahi na samaki wanaharibika. Lazima hatua iwe moja toka asubuhi hadi jioni. Miaka saba nimekuwa na vikapu hivyo, alisema, leo nimeviacha nyumbani, mbona ni kama naruka.

Yaya, nilikaribia kusimama. Kichomi kilirudi, lakini hakikuwa kichomi cha mbavu.

Niseme kwanza mbio zilivyokwisha. Kuanzia maili ya kumi na sita tulianza kuwapata watu. Walikuwa wamekaa kando ya njia, wanamwaga maji kichwani, wanashika mapaja. Kila nilipomuona mutu mbele damu yangu iliruka, na kila mara Kalaba alisema, "Bado." Tuliwapata wote bila kuharakisha hata kidogo, wenyewe walikuwa wanarudi nyuma kwetu. Maili ya ishirini, nikamuona Mpundu kwa mbali, viatu vyake amevishika mukononi. "Bado." Maili ya ishirini na mbili, mapaja yangu yanawaka moto, lakini nina nguvu, sijui zimetoka wapi, ninataka kupiga kelele. "Bado, mutoto wa mama, bado." Tukafika mwanzo wa Kashikishi, pale penye vichanja vya kwanza vya samaki. Akaniangalia, akatabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake. Akasema, "Sasa."

Na akaenda! Nilidhani mimi ndiye mwenye mbio, yaya. Mutu wa miaka arobaini, peku, kwenye muchanga, aliniacha kama nimefungwa kamba. Nilimufuata kwa nguvu zangu zote na umbali ulikuwa unaongezeka tu.

Alipoingia sokoni watu walikuwa wananingoja mimi. Mpundu alikuwa ametangulia kupita, wakamupigia makofi ya mugeni. Walipoona ni Kalaba, walinyamaza. Soko zima. Nilikuwa hatua hamsini nyuma yake, na nilisikia nyayo zake kwenye muchanga, peke yake, kati ya watu wote wale. Wamefunga midomo kana kwamba anapita maiti. Hapo kitu kilipasuka ndani yangu. Nilianza kupiga kelele mimi mwenyewe, na pumzi nilikuwa sina, "Kalaba! Mupigieni Kalaba! Ba Kalaba wa Kabuta!" Watu walinitazama kama nimeshikwa na jua. Nikaendelea. Halafu nikasikia kigelegele kimoja, kirefu, ninakijua, ni cha Eness, alikuwa amesimama juu ya sanduku la samaki na Beauty mugongoni. Kikaja cha pili, cha mama yetu. Kisha wale watoto wa mitumbwi, maana wao hawajui mambo ya zamani, wakaanza kumukimbilia wakiita Kalaba, Kalaba, na soko likalipuka!

Alimupata Mpundu kwenye maili ya ishirini na tano, karibu na Nchelenge. Sikuona, niliambiwa. Wanasema hata hakumutazama, alipita pa, pa, pa. Maggie alikuwa amesimama kwenye kamba ya mwisho akishika shati lake, na alipomuona anakuja wa kwanza alikaa chini akajifunika uso na lile shati. Bwana Saa alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni kuona kama imesimama. Masaa matatu na dakika sita. Mpundu wa pili. Na mimi? Kelele zile ziliniponza, pumzi iliisha, Mwalimu Mwewa alikuwa nyuma yangu na nilisikia koo lake likikoroma. Hatua mia za mwisho sikuona kitu ila macho ya Bwana Saa. Nilimushinda mwalimu kwa kifua tu. Wa tatu, yaya! Wa tatu kati ya thelathini na mumoja! Mwezi wa tisa ninapanda lori kwenda Copperbelt!

Sasa, mulamu wangu Felistus, kama ni wewe unayesoma kwa sauti, ninakuomba umupe yaya karatasi hizi asome mwenyewe kidogo.

Yaya, si Kalaba aliyechoma nyavu zako. Ni mimi.

Alasiri ile uliniacha nilinde moto wa kukaushia samaki, na nyavu zako mbili za baba zilikuwa zimeanikwa karibu. Ulisema nisiondoke hata kidogo. Vijana wakapita wakasema kuna mashindano ya mbio upande wa kanisa. Nikafikiri nitakwenda mara moja, nitawashinda, nitarudi. Niliwashinda. Upepo wa ziwa ulikuwa umeamuka. Niliporudi majani yalikuwa yanawaka, na nyavu zilikuwa majivu yenye umbo la wavu, nilipozigusa zikaanguka. Ulipokuja na kuuliza nani, niliona uso wako, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Wiki ile ulikuwa umegombana na Kalaba juu ya mahali pa kutega, pale mudomoni mwa kijito. Jina lake lilikuwa karibu. Nikasema nimemuona anatoka kwenye matete. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidhani mutagombana siku mbili na itapita. Lakini ulimwambia kila mutu, nao wakakuamini kwa sababu wewe hukuwa musema uongo, na wewe uliniamini mimi. Kisha ukaenda Elisabethville na hasira yako, na yeye akabaki na jina hilo. Miaka saba nimemupisha njia, nikisema moyoni kwamba amezoea.

Jumatatu baada ya mbio nilikwenda kwake. Alikuwa anaondoa karatasi zilizofunga baisikeli mupya, Maggie anamusaidia. Niliwaambia wote wawili, nimesimama, sikuweza kukaa. Maggie aliingia ndani ya nyumba. Kalaba aliendelea kukunja ile karatasi, akaikunja ikawa ndogo sana. Aliniuliza jambo moja tu: "Na kule njiani, nilipokuambia habari ya vikapu, mbona hukusema?" Nilimuambia niliogopa ataniacha peke yangu njiani. Akasema ni kweli, ningekuacha.

Nilimuomba musamaha. Hakunipa. Alisema moyo wake hauwezi kusema neno hilo kwa siku moja, na hataki kunidanganya, kwa sababu amechoshwa na uongo. Nilipofika kwenye uzio aliniita. Alisema Copperbelt iko karibu, na kwamba Alhamisi jogoo wa kwanza nimukute kwenye njia, na nikichelewa hataningoja. Nilikwenda. Tulikimbia maili kumi na sita.

Jumapili iliyopita, tarehe 12, nilisimama kanisani mbele ya watu wote nikasema haya haya. Mama hakuongea nami siku nzima. Jana jioni aliniwekea bukari, huo ugali wetu, na samaki, lakini hakukaa tule pamoja. Eness alilia, kisha akaniuliza kama kuna kitu kingine, nikasema hakuna, akasema basi sasa anajua ameolewa na nani. Kabuta wanaongea tu. Asubuhi hii nimesikia watu wawili walikwenda kwa Kalaba kumuomba aingie nao katika mutumbwi wao. Aliwajibu kwamba atafikiri.

Yaya, nyavu zile zilikuwa kazi ya mikono ya baba, na najua kwamba si nyavu tu nilizokuunguzia. Kama hutaki kusikia sauti yangu tena, nitavumilia, nimestahili. Ukitaka kunipiga, nauli ya boti kutoka Kilwa sitakulipia, lakini nitakungoja ufukweni. Ila ninakuomba jambo moja, na si kwa ajili yangu. Kabla hujanijibu mimi, muandikie Kalaba. Hajui kusoma Kibemba vizuri, lakini Kiswahili anasoma, alijifunza kwa wachuuzi. Muandikie wewe, kwa mukono wako, na weka jina lake kamili juu ya bahasha, ili kalani wa posta alitaje kwa sauti mbele ya watu wanaongoja barua zao.

Mwambie mulamu Felistus kwamba shemeji yake ni mubaya lakini ana mbio. Wabusu watoto. Mama anakusalimia, hajaniambia nikusalimie, lakini nimemuona ananitazama ninapoandika, na hakuondoka. Eness anakutakia afya, na Beauty, ambaye hujamuona, ameuma kona ya karatasi hii, utaona alama.

Mungu akulinde huko kazini chini ya moshi.

Ni mimi mudogo wako,
Bwembya